Skuta inayoruka ikianza kuondoka: jinsi ya kulainisha klachi kwa mwendo wa foleni

Klachi mbovu ya skuta inajulikana upesi kwenye foleni ya kuingia pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam. Geti likifunguliwa, watembea kwa miguu, bajaji, magari na bodaboda wanasogea pamoja kwa mwendo wa kutembea. Unaenda kidogo, unasimama, unaenda tena, na kisigino cha mtu kiko shubiri moja mbele ya tairi lako. Skuta yenye klachi nzuri inasogea taratibu unavyotaka. Mbovu unaipa mafuta kidogo haiendi, unaongeza bado haiendi, halafu inaruka ghafla na watu wanageuka kukuangalia. Nyingine haikuruki lakini inatetemeka kuanzia usukani mpaka kiti, kisha ikishachanganya mwendo inatulia kabisa.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo tu: pale skuta inapotoka kwenye kusimama mpaka ifikie kilomita kama 15 kwa saa. Kuongeza spidi ya juu ni kazi nyingine, na mara nyingi vitu vinavyoongeza spidi ndivyo vinavyoharibu ulaini wa kuondoka.

Nataka niseme msimamo wangu mapema. Ukipeleka skuta ya namna hii gereji, dawa ya kwanza utakayoandikiwa ni ya dukani: "Bosi, weka springi ngumu na rola nyepesi, itakaa sawa." Skuta nyingi hazihitaji hivyo vitu. Zinahitaji kufunguliwa, kusafishwa, kupigwa msasa kwa utaratibu na kufungwa vizuri. Ununuzi uje mwisho, na uje kwa sababu umepima ukaona kitu kimekwisha.

Ni kitu gani hasa kinachoshika

Ndani ya kava la upande wa kushoto kuna puli mbili zilizounganishwa na mkanda. Ya mbele imekaa kwenye krankishafti ya injini, na ndani yake kuna rola (vizito vidogo vya mviringo), kwa kawaida sita. Ya nyuma imebeba klachi. Injini ikiwaka tu, puli zote mbili zinazunguka na mkanda unakimbia, lakini tairi halipati nguvu kwa sababu klachi bado haijagusa kikombe chake.

Klachi yenyewe ni pedi tatu zilizofungwa kwenye sahani, kila moja ikizunguka kwenye pini yake, na springi tatu ndogo zinazozivuta zirudi ndani. Mizunguko ikipanda pedi zinafunguka kwenda nje, kama marinda ya gauni yanavyofunguka mvaaji akizunguka, mpaka ziguse ukuta wa ndani wa kikombe. Kikombe ndicho kilichounganishwa na gia za tairi. Kwa skuta nyingi za cc 110 mpaka 150, silensa (mwendo wa injini ikiwaka bila kupewa mafuta) inakaa karibu na mizunguko 1,500 hadi 1,800 kwa dakika, na pedi zinaanza kushika mahali fulani kati ya 2,500 na 3,500.

Kwa hiyo ulaini wa kuondoka unategemea mambo mawili. La kwanza ni mizunguko ambayo pedi zinaanza kugusa. Zikigusa mapema mno skuta inavuta hata ukiwa umesimama, na zikichelewa mno zinashika injini ikiwa tayari na nguvu nyingi, ndiyo maana inaruka. La pili ni kama pedi zote tatu zinagusa kwa pamoja na kwa eneo lote. Matatizo mengi ninayoyaona yako hapo kwenye la pili, na springi ngumu haiwezi kulitibu.

Kwanza tambua ugonjwa

Usifungue nati hata moja kabla ya kuiendesha skuta ikiwa imepata moto. Hili nalisisitiza kwa sababu skuta nyingi za kabureta zina choki ya kujiendesha. Asubuhi injini ikiwa baridi, choki inapandisha silensa yenyewe, na skuta inavuta kidogo au inaondoka kwa pupa. Dakika chache baadaye inajirekebisha. Huo si ugonjwa.

Tafuta mahali tambarare pasipo na watu, ondoka taratibu mara kadhaa na usikilize tatizo linakuja mwendo gani. Likija mwanzoni kabisa, tairi linapoanza tu kuzunguka, fikiria klachi na kikombe. Likija skuta ikiwa imeshatembea, tuseme kilomita 20 mpaka 40 kwa saa, ukasikia inasita au inavutavuta, hapo fikiria rola zilizokuwa bapa, mkanda uliochoka, au puli ya nyuma isiyoteleza vizuri. Watu wengi wanabadilisha rola ili kutibu mtikisiko wa kuondoka, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika. Rola hazina kauli kubwa pale mwanzo.

Kuna mtikisiko mwingine wa kwetu wa pwani. Skuta imelala nje Kigamboni, Msasani au Kunduchi wiki nzima bila kuguswa, unaiwasha inaondoka kwa kukwaruza na kushtuka, halafu baada ya kuondoka mara chache inakuwa nzuri. Hiyo ni kutu nyepesi iliyojijenga ndani ya kikombe kwa hewa ya chumvi, na pedi zimeikwangua zenyewe. Ikiwa inatokea hivyo tu, huna haja ya kufungua chochote.

Na ikiwa juzi ulipita kwenye maji Jangwani mvua ikinyesha, angalia kwanza kama maji yaliingia ndani ya kava. Skuta nyingi zina kimpira au kiskrubu kidogo chini ya kava cha kumwagia maji. Mkanda uliolowa unateleza, na mkanda unaoteleza unaweza kukudanganya ukadhani klachi imekufa.

Silensa, plagi na kebo

Hili linarukwa na wengi, na ndilo rahisi kuliko yote. Injini ikipata moto, weka skuta kwenye stendi ya kati. Tairi la nyuma kuzunguka polepole hewani ni kawaida, maana kuna msuguano mdogo wa beringi na wa klachi. Liguse kwa breki, linatakiwa lisimame bila ubishi na lisianze tena kwa nguvu. Likianza tena kwa nguvu, ama silensa iko juu, ama springi moja ya klachi imekatika au imelegea.

Kwa skuta ya kabureta, zungusha skrubu ya silensa nusu raundi nusu raundi mpaka injini itulie bila kutaka kuzima. Kama una kipima mizunguko cha kuzungushia kwenye waya wa plagi ni vizuri zaidi, hiki si cha bei mbaya. Kwa skuta ya injekta, nyingi hazina skrubu ya kugusa. Silensa ikiwa juu hapo, safisha mdomo wa throto (njia ya hewa kuingia kwenye injini) na uangalie kama kuna hewa inaingia pembeni.

Angalia pia kebo ya mafuta. Inatakiwa iwe na mlegezo kidogo, mkono uzunguke milimita chache kabla injini haijaitikia. Kebo iliyokauka, inayonatanata kisha kuachia, inakupa mafuta kwa mafungu badala ya taratibu, na hakuna klachi duniani itakayoondoka vizuri ukiipa mafuta kwa mafungu. Plagi iliyochoka na filta ya hewa iliyojaa vumbi zinafanya jambo linalofanana na hilo: injini inakosa nguvu chini, unakunja mkono zaidi, kisha inaamka yote kwa pamoja.

Ukirekebisha haya na skuta ikawa sawa, umemaliza. Kama bado, endelea.

Kufungua

Zima injini na uache ipoe kabisa. Kikombe cha klachi kinapata moto wa kuunguza vidole, na kava linautunza ule moto muda mrefu.

Bolti za kava zina urefu tofauti. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava kwa kalamu, na kila bolti uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Kava lenye kiki litoke taratibu, maana meno ya kiki yako upande wa ndani. Ukiona gasketi imeng'ang'ania, gongagonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi katikati ya kava na injini, utakwangua alumini na vumbi litapata njia ya kuingia siku zote.

Kava likitoka utakuta vumbi jeusi kila mahali. Usipige upepo wa kompresa. Vumbi la pedi si kitu cha kuvuta puani, na kuna pedi za zamani na za kuokoteza ambazo huwezi kujua zimetengenezwa kwa kitu gani. Vaa barakoa, nyunyiza dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Sasa nati ya kikombe. Impakti (mashine ya kufungulia nati) inaitoa kwa sekunde. Kama huna, tumia kishikio cha kikombe chenye mkanda wa chuma au cha mikono miwili. Kinachonisikitisha ni fundi anayechomeka bisibisi kwenye mapezi ya puli ya mbele ili isizunguke. Mapezi yale ni feni ya kupoozea mkanda, na yakivunjika mawili tu puli inakosa uwiano na injini inaanza mtetemo mpya ambao haukuwepo.

Habari njema ni kwamba kwa kazi hii huna haja ya kugusa nati ya puli ya mbele kabisa. Kikombe kikishatoka, shika puli ya nyuma kwa mikono miwili, ikamue ifunguke, sukuma mkanda uzame ndani, na mkanda utalegea. Hapo puli ya nyuma pamoja na klachi yake inatoka kwenye shafti kama kitu kimoja. Nati kubwa inayoshikilia klachi na springi kubwa usiifungue. Springi ile imekandamizwa, na ukiifungua bila kuibana inaruka na nati yake usoni mwako.

Jambo moja la kukumbuka: usiwashe injini kikombe kikiwa nje ili "uone klachi inavyofunguka". Pedi hazina ukuta wa kuzizuia, zinakwenda nje kupita kiasi na springi zinavutika zisirudi tena urefu wake.

Kikombe

Kigeuze ukiangalie ndani kwenye mwanga wa jua. Kikombe kizima kina rangi ya chuma iliyofifia, sawa pande zote. Kilichoumia kina mabaka ya bluu yanayoelekea zambarau. Hayo ni alama ya moto, na mahali penye baka chuma kimekuwa kigumu kuliko jirani yake. Pedi ikipita hapo inateleza, ikitoka inashika, na tofauti hiyo ikijirudia kila mzunguko ndiyo mtetemo unaousikia kwenye kiti.

Pitisha ukucha ndani kutoka ukingo mpaka sakafuni. Ukikwama kwenye ngazi, kikombe kimelika. Kisha pima kipenyo kwa venia (kipimo cha kuteleza cha milimita) mahali patatu au panne tofauti. Kwa injini za GY6, ambazo zimejaa kwenye skuta za Kichina hapa mjini, kikombe cha 125 na 150 kina kipenyo cha ndani cha milimita 125, cha zile za cc 50 ni 107. Kipimo cha juu kinachokubalika kimeandikwa kwenye kitabu cha skuta yako, na mara nyingi ni nusu milimita tu juu ya kipya. Vipimo vikitofautiana kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikombe kimekuwa yai. Fundi wa kukereza Gerezani anaweza kukinyoosha kama kosa ni dogo, lakini kila anachokwangua kinafanya pedi zisafiri mbali zaidi kabla ya kugusa, na ukuta unakuwa mwembamba na kupata moto upesi. Kilichobadilika umbo sana nunua kipya, usimsumbue fundi.

Kikombe chenye mng'ao tu au mabaka mepesi kinatibika. Chukua msasa namba 80 hadi 120 na usugue ndani kwa mwendo wa kukatisha, mishazari kwenda na mishazari kurudi, mpaka mng'ao upotee wote. Usisugue kwa kuzungusha kufuata njia ya pedi, mistari ya namna hiyo inazifanya ziteleze. Osha kwa dawa ya breki, futa, na kuanzia hapo usiguse ndani kwa vidole vyenye mafuta.

Pedi, pini na springi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiwe na haraka.

Angalia pedi kabla ya kuzitoa. Zikiwa na mng'ao mweusi unaoakisi mwanga, zimeungua juu. Tazama pia mng'ao umekaa wapi. Ukiwa kwenye ncha moja tu ya kila pedi, maana yake pedi haikai sawa na duara la kikombe na inashika kwa ukingo. Linganisha unene wa zote tatu. Ikiwa moja ni nene kuliko wenzake, hiyo haikuwa inafanya kazi, imekwama kwenye pini. Skuta ya namna hiyo inaondoka kwa pedi mbili, kisha ya tatu inaachia ghafla kwa mizunguko ya juu. Mruko uliokuwa unausikia Magogoni ulikuwa ni yeye. Pedi ikibaki na milimita 2 au chini, usiipige msasa, badilisha seti nzima.

Piga picha kwa simu jinsi springi zilivyokaa na upande zinapoingilia. Toa springi tatu kwa kindoano au koleo lenye ncha, toa klipu za pini, toa sahani ya juu, pedi zitatoka. Chini ya kila pedi kuna kimpira kidogo cha kupokea mshtuko. Kikiwa kimepasuka au kimekuwa kigumu, kibadilishe. Ni kitu kidogo kisichosemwa sana, lakini chenyewe ndicho kinachozuia pedi isipige chuma kwa chuma inaporudi.

Pini zisafishe kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, na tundu za pedi zisafishe kwa kipande cha msasa kilichokunjwa. Zipake grisi ya moto mkali kidogo sana, kiasi cha kuona tu pini inang'aa. Grisi ikizidi, itarushwa nje siku ya kwanza na kutua kwenye pedi, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya. Kila pedi ikirudi kwenye pini inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa.

Kuhusu kupiga msasa pedi. Usizikwaruze juu juu kwa mkono, utaziacha na mabonde. Bandika msasa ndani ya kikombe kwa gundi ya karatasi, upande wa makali ukiangalia ndani. Chora mistari kwa penseli juu ya kila pedi, kisha ibonyeze kwenye msasa na kuisogeza mbele na nyuma kidogo. Angalia mistari. Palipobaki penseli hapajagusa. Endelea mpaka mistari ifutike yote, na usiendelee baada ya hapo. Mwisho tia mshazari mdogo, kama milimita moja, kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila pedi. Ukingo mkali ndio unaong'ata kwanza na kupiga kelele.

Springi zilale mezani zote tatu zikiwa zimelinganishwa mwanzo. Zikitofautiana urefu, au moja ikiwa na mwanya kati ya mizunguko yake wakati nyingine zimebana, nunua zote tatu. Usinunue moja. Na hapa ndipo swali la ugumu linapokuja. Kariakoo utauziwa springi za rangi rangi, na nyingine zimeandikwa 1000, 1500 au 2000. Rangi hazina kanuni moja kati ya watengenezaji, njano ya huyu si njano ya yule. Kinachoeleweka ni kwamba kadiri springi inavyokuwa ngumu ndivyo klachi inavyochelewa kushika. Mtu wa mashindano anataka hivyo, ili injini iwe imeshachangamka. Wewe wa foleni ya Mwenge hutaki. Chukua ya kawaida inayolingana na iliyotoka na skuta. Laini kupita kawaida nayo ina adhabu yake: klachi inaanza kushika kwenye silensa, skuta inavuta ukiwa kwenye taa, na unaishikilia kwa breki huku pedi zikiungua bila wewe kujua.

Puli ya nyuma, rola na mkanda

Puli ya nyuma ishike na uizungushe nusu moja dhidi ya nyingine. Inatakiwa ifunguke na kurudi bila kukwama. Kama kuna grisi inayovuja kutoka katikati kuelekea kwenye pedi, sili zake zimekufa, na usafi wote uliofanya utadumu siku chache tu. Kubadilisha sili kunahitaji kufungua ile nati kubwa, kwa hiyo mpe fundi mwenye kibanio cha kukandamiza springi.

Mkanda uangalie kwa nyufa kwenye meno na upime upana. Kwenye mkanda wa GY6 utaona maandishi kama 743-20-30: urefu wa milimita 743, upana 20, pembe digrii 30. Kuna injini yenye kesi ndefu (kasha la mkanda lililo refu zaidi) inayotumia 842, usibebe mkanda kwa kukisia. Usiuoshe kwa petroli, futa kwa kitambaa kikavu au chenye spiriti kidogo. Rola za GY6 ya 125 na 150 ni milimita 18 kwa 14, na zikiwa na upande bapa badilisha zote sita.

Ukitafuta video mtandaoni utakutana na Wakanada na Wamarekani wanaorekebisha klachi za mashine za kuendeshea kwenye theluji, na wanachozungumza kinafanana sana na hiki. Tofauti yake ni kubwa lakini. Kwenye mashine zile hakuna pedi wala kikombe, puli ya mbele ndiyo klachi: springi yake inaziweka kuta mbili mbali na mkanda, na mizunguko ikipanda uzito unazisukuma ziubane. Wakisema badilisha springi ya mbele ili ishike taratibu, wanasema kweli kwa mashine yao. Ukifuata ushauri huo kwenye skuta utapoteza siku nzima.

Kufunga

Mkanda una mshale, uelekee upande injini inakozunguka. Ukamue uzame ndani ya puli ya nyuma kabla ya kuirudisha kwenye shafti, ili upande wa mbele ulegee.

Kama ulilazimika kufungua puli ya mbele, ulegevu huo ndio kinga yako. Mkanda ukibanwa kati ya kuta mbili za puli ya mbele wakati unakaza nati, utahisi nati imefika wakati imebana mpira tu. Ukienda kilomita chache mkanda unajipanga, nati inabaki bila kazi, na meno ya krankishafti yanasagika. Hakikisha ukuta wa nje umegusa bushi ya katikati kabla ya kukaza, zungusha puli kwa mkono uone mkanda unacheza, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kulingana na kitabu cha skuta. Impakti ni ya kufungulia. Kufungia nayo kwa kubahatisha ni kuomba matatizo.

Rudisha kikombe kikiwa kikavu na safi, kaza nati yake, hakikisha pini za kuongozea kava ziko mahali pake, rudisha gasketi na bolti kutoka kwenye boksi lako. Kama kava lina sponji ya kuchujia hewa, ioshe na uikaushe. Kwa vumbi la barabara za ndani za Goba au Chanika, sponji hiyo inajaa upesi kuliko kitabu kinavyodhani.

Kuilainisha barabarani

Pedi zilizopigwa msasa hazijakaa na kikombe bado. Toka barabara tulivu asubuhi ya Jumapili, ondoka kwa mkono mwepesi mpaka kilomita kama 30 kwa saa, simama, rudia, ukiacha nafasi kati ya kuondoka na kuondoka ili klachi ipumue. Harufu ya kuungua kidogo mwanzoni ni ya kawaida. Ikizidi, simama uache ipoe. Usianze na kupandisha kilima cha Kimara ukiwa umempakia mtu.

Kisha ijaribu mahali penye ukweli. Mimi napendelea mteremko wa pantoni maji yakiwa yamekupwa, maana unakuwa mkali zaidi, na mwendo wa pale ni wa hatua hatua. Skuta ikipanda pale bila kukuruka, kwenye taa za Morocco haitakusumbua.

Namna unavyoendesha ina sehemu yake pia. Dereva wa kupeleka vyakula aliyebeba sanduku nyuma anaiua klachi akishikilia skuta mlimani kwa mafuta badala ya breki. Kwenye foleni, subiri mwanya ufike mita tatu nne, ondoka mara moja kwa uhakika, kisha achia mafuta. Kusogea kwa kufinyafinya mkono, nusu imeshika nusu haijashika, ndiko kunakozirudishia pedi ule mng'ao uliotoka kuuondoa.

Ikiwa bado inatetemeka

Kama kikombe ni cha duara, pedi zimekaa sawa, springi zinalingana, na bado mwili unatikisika inapoondoka, toka nje ya kava. Injini ya skuta inaning'inia kwenye fremu kwa mkono wenye bushi za mpira. Weka stendi ya kati, shika tairi la nyuma na ulisukume kushoto na kulia. Ukiona injini nzima inacheza kwenye fremu, bushi zimekwisha, na kila klachi inaposhika injini inajirusha na kurudi. Ukiona tairi peke yake ndilo linalocheza, ni beringi ya shafti ya nyuma. Bushi zinatolewa kwa presi, kwa hiyo beba mkono wenyewe upeleke kwa mwenye presi. Ukizigonga kwa nyundo zitaingia upande.